Kwa Dada, Kuhusu Damu Iliyopungua Njiani

Chumba cha juu ya karakana ya redio,
Jumamosi, tarehe 14 Juni.

Mpendwa Dada,

Shikamoo. Natumaini karatasi hii inakukuta mzima, na kwamba lile goti ulilolitaja kwenye kadi yako ya mwisho sasa linakuruhusu kupanda ngazi bila kunung'unika. Shemeji hajambo? Bado anasinzia gazeti likiwa usoni? Sisi huku hatujambo. Mama ni mzima, ila sikio la kulia limekuwa zito, basi kila anayekuja hukimbilia kukaa kushoto kwake. Mume wangu anakusalimu sana. Yuko chini karakanani, namsikia akijaribu redio ya mtu. Inakoroma, inanyamaza, inakoroma tena.

Dada, nimejifungua. Nimeandika maneno hayo mawili kisha nikakaa nikiyatazama. Ni msichana, leo ana wiki saba, na hivi ninavyoandika amelala kifuani pangu ngozi kwa ngozi, tumefungwa pamoja kwa shuka, anapumua haraka haraka utadhani ana mahali anawahi. Jina bado. Wauguzi walimwita Kijiko kwa sababu maziwa yake ya kwanza aliyanywa kwa kijiko, nasi tumelikubali mpaka litokee jingine.

Hukujua kwamba nina mimba. Sikukuambia, na niliwaomba wengine wasikuambie. Ningeweza kukupigia simu sasa, lakini najua ingekuwaje: tungezungumzia mvua, tungezungumzia goti, halafu ungesema kuna kitu kinaungua jikoni. Kwa hiyo naandika. Isome ukiwa umekaa, na usiisome haraka.

Nianze na mwili wangu, maana ndiko mambo yalikoanzia. Uliondoka nikiwa bonge, na bonge nimebaki. Jina la Kibonge limenifuata mpaka kazini. Bado niko kwa dobi, upande wa pasi, nanyoosha mashuka ya hoteli kutwa nzima. Mvuke ukishapanda sioni hata mwenzangu wa meza ya pili. Napenda ile hali. Unakuwa peke yako ndani ya wingu jeupe lenye joto, mikono inajua kazi yake, na mawazo yanakwenda yanakotaka. Mimba ilipoingia nilikaa nayo mle ndani wiki nyingi bila kumwambia mtu, naota macho yakiwa wazi.

Siku ya kwanza kliniki nilikwenda miguu mizito. Unajua kinachotutisha sisi huko: mzani. Lakini mkunga wa pale ni mnene kunishinda, na hilo peke yake lilinifanya niketi bila kujikunja.

“Panda, mama, hauumi,” akaniambia. “Mimi naupanda kila Jumatatu na bado nipo.”

Nikapanda. Akaandika bila kuguna. Kisha akaanza maswali yake, na katikati ya maswali akauliza kama kwetu kuna aliyewahi kupoteza mimba kubwa.

“Dada yangu,” nikasema. “Mwezi wa nane. Alikuwa mvulana.”

“Ana mwili kama wako?”

“Kama wangu.”

“Alielezwa sababu?”

“Na watu, ndiyo. Na daktari, hapana.”

Akanitazama kidogo, akainama akaandika. Niliisoma ile kadi ikiwa juu chini upande wangu: dada, mtoto wa kiume, mwezi wa nane. Ilikuwa mara ya kwanza katika miaka tisa kumwona mwanao ameandikwa mahali.

Wakanipa kidonge kidogo cha aspirini cha kumeza kila siku, na wakanipeleka kwa daktari. Ni mwanamke mwembamba mwenye sauti ya chini, anayeongea kana kwamba kuna mtu amelala chumba cha pili. Alinishika mkono, akaukunja ukawa ngumi, halafu akaufungua kidole kimoja kimoja.

“Mishipa midogo inayopeleka damu kwenye kondo la nyuma, pale mtoto anapopatia chakula, inatakiwa ifunguke hivi mapema, ibaki wazi na laini mpaka mwisho,” akasema. “Uzito ukiwa mkubwa sana, mafuta mwilini huweza kuifanya mishipa ikakaza, na mingine isifunguke vizuri. Damu unayo tele. Moyo wako unasukuma kwa nguvu kuliko wangu. Ila inayomfikia mtoto inaweza kupungua njiani.”

Nikamuuliza kama ndivyo inavyokuwa kwa kila mnene. Akasema hapana, wengi wanazaa salama, na wapo wembamba wanaopatwa na hayohayo. Akasema tu kwamba mimi watanichunga kwa karibu.

Nilirudi kwenye pasi yangu nikiwa nimeyabeba yale maneno. Wenzangu hawakuwa na wasiwasi wowote. Walisema mtu wa umbo langu atazaa mtoto mwenye meno tayari, anayeuliza mkate uko wapi. Nami nilicheka nao, Dada, kwa sababu nilitaka iwe hivyo. Nilitaka bonge.

Miezi ikapita taratibu, yote ikiwa na rangi ya mvuke. Mwezi wa sita mume wangu akaomba tufuatane kliniki. Unamjua, yeye si mtu wa kuuliza maswali. Alikaa pembeni kofia ikiwa magotini, na mtaalamu wa picha alipopaka ile dawa baridi tumboni akabonyeza sana, kwa sababu mafuta yangu yalimficha mtoto, chumba kikajaa sauti. Ilikuwa damu yake, inapita kwenye kitovu. Shwaa-aa, shwaa-aa, bila kukoma, upepo unaosukuma pazia na kulirudisha.

“Stesheni iko safi,” mume wangu akasema, na sikuwahi kumwona akitabasamu hivyo tangu tuoane.

Kuanzia siku hiyo nikawa naisikia ile sauti kila mahali. Kwenye pasi inapopumua. Kwenye mabomba ya jengo asubuhi. Nilikuwa natembea barabarani naisikia, mpaka napitiliza kona yetu na kulazimika kurudi.

Wiki ya thelathini na mbili miguu ilivimba, viatu vikakataa. Nikasema ni kusimama tu. Siku ya kliniki presha ikaonekana imepanda, wakanipeleka kwenye picha palepale. Chumba kilekile, dawa ileile ya baridi. Sauti ikaja. Mimi niliona ni ileile, nikafumba macho niifuate kama kawaida yangu.

“Inakatika,” mume wangu akasema.

Mtaalamu wa picha hakugeuka. “Nini kinakatika?”

“Hapo katikati. Inapiga, halafu kimya, halafu inapiga. Mara ile ilikuwa haiachi. Ilikuwa inashuka lakini haiachi.”

Sasa akageuka. “Wewe ni daktari?”

“Fundi redio.”

Yule bwana akaweka kifaa chini, akaenda kumwita daktari. Sisi tukabaki tunatazama kioo cha mashine kilichosimama. Mume wangu alinishika kisigino, ndicho kilichokuwa karibu naye, hakukiachia mpaka daktari alipoingia.

Daktari alisikiliza, akapima, akapima tena. Kisha akatueleza kwa ile sauti yake ya chini. Alisema damu ya mtoto inatakiwa isonge mbele hata kati ya pigo na pigo la moyo wake. Ikisimama katikati, maana yake kondo limekuwa gumu kupita, na mtoto anajibana, anapeleka kidogo alichonacho kwenye ubongo na kuacha sehemu nyingine. Ndiyo maana alikuwa mdogo kuliko umri wake.

“Ana njaa?” nikauliza.

“Ana njaa,” akasema. “Na hilo si kwa sababu wewe unakula sana wala kidogo.”

Nililazwa siku hiyohiyo. Walinichoma sindano za kukomaza mapafu ya mtoto, na mkunga akaniambia nilale ubavu wa kushoto, ili tumbo lisiulalie mshipa mkubwa unaorudisha damu moyoni. Basi nikalala ubavu wa kushoto siku saba.

Sijui nikuelezeje zile siku. Wodi ilikuwa na vitanda sita na dirisha refu lenye pazia la kijani lililofifia. Mchana jua likipita kwenye pazia, sote tulikuwa kama tuko chini ya maji. Walikuwa wananifunga mkanda wa kusikiliza moyo wa mtoto, na kwa muda mrefu nilikuwa sijui kama nimelala au niko macho. Niliota natembea kwenye nyumba yenye ujia mrefu. Kadiri ninavyokwenda kuta zinasogeleana, napita kwa ubavu, nimebeba bakuli, na najitahidi nisimwage. Mwisho wa ujia ameketi mtoto, ametulia kabisa, ananingojea kwa adabu. Sikuwahi kumfikia kwenye ndoto. Muuguzi alikuwa akiniamsha kupima presha, nami naona mashuka ya hospitali na kufikiri, jamani, haya yamenyooshwa na nani.

Siku ya nne nilimngojea daktari amalize vitanda vingine, nikamwomba akae.

“Naomba kuuliza jambo,” nikasema. “Mtoto anaweza kubanwa na mafuta ya mama yake mpaka akafa? Mama anaweza kumlalia akiwa tumboni?”

Hakucheka. “Hapana,” akasema. “Mafuta yako nje kabisa ya nyumba yake. Yeye yuko ndani ya maji, habanwi na kitu. Nani alikuambia hivyo?”

Nikasema ni maneno tu ya watu. Nikamweleza habari zako. Akasema hawezi kujua lililompata mwanao bila kukupima wala kuona vyeti vyako, na kwamba huenda ilikuwa kama yangu, huenda ilikuwa jambo lingine kabisa. Ila akarudia: kumlalia, hapana. Hakuna mwanamke aliyewahi kufanya hivyo.

Alipoondoka nikageukia ukuta nikalia mpaka mkanda ukalegea na mashine ikaanza kupiga kelele.

Dada, sasa nafika mahali ambapo barua zote nilizochana kabla ya hii ziliishia. Napiga moyo konde.

Ile wiki nyumba ilipojaa watu waliokuja kukupa pole, mimi nilikuwa jikoni naosha vikombe. Kulikuwa na wanawake wanne watano wamesimama. Mmoja akauliza, hivi yule mtoto alikufa kwa nini. Watu wakanitazama mimi, na nilihisi wanatazama mwili wangu wote kutoka juu mpaka chini. Nikasema, “Dada amekula chakula cha watu wawili mpaka wa pili akakosa pa kukaa.” Nilisema kwa mzaha. Walicheka kwa kujifunika mdomo. Nilikuwa na miaka ishirini na miwili na nilisema ili wasinitazame mimi.

Mama alikuwa mlangoni na trei. Hakucheka. Lakini aliyachukua yale maneno, akakaa nayo, na siku chache baadaye ndipo alipokuambia mbele ya shemeji kwamba umemlalia mwanao kwa mafuta yako. Umeyabeba miaka tisa ukidhani ni maneno ya Mama. Yalitoka kinywani mwangu, yeye aliyageuza tu. Nilikuona ukifunga mizigo, nikakusaidia hata kukunja nguo, na sikusema.

Ndiyo sababu sikukuambia nina mimba. Niliogopa furaha yangu isije ikakuumiza, lakini hasa niliogopa nikipatwa na yaliyokupata, ungekuwa mtu wa kwanza kunijia, na ungenihurumia, nami nisingestahili.

Sitaki unisamehe kwa barua. Nataka tu ujue yalikoanzia, na ujue kwamba hayakuwa kweli.

Siku ya saba asubuhi presha ilipanda zaidi. Daktari akaja amevaa kofia ya chumba cha upasuaji, akasema, “Kuanzia leo atalishwa vizuri zaidi nje kuliko ndani.” Mkunga wangu mnene alisukuma kitanda mwenyewe, anahema, ananiambia nikitaka kumcheka nimcheke sasa, kesho mshono utaniuma.

Nilikuwa macho, kiuno kimekufa ganzi, naona taa kubwa na dari nyeupe. Nilivutwa huku na huku bila maumivu. Kisha kukawa kimya. Nilisikiliza kile kimya mpaka nikahisi nimekuwa sikio tupu. Halafu ikatoka sauti nyembamba, kama bawaba ya kabati, mara moja, na tena, na ya tatu ikawa kilio.

Alikuwa na kilo moja na gramu mia tatu. Walinipitishia nikamwona sekunde chache, mwekundu, amekunja uso kama mzee aliyesumbuliwa usingizini. Kondo waliliweka kwenye beseni, na daktari baadaye aliniambia lilikuwa dogo, na sehemu yake ilikuwa imekufa kwa kukosa damu. Nilikaa nikifikiri jinsi alivyokuwa mle ndani ya mwili wangu wote huu, akijipunja ili adumu.

Tulikaa hospitali siku thelathini na moja. Kila siku nilikuwa naketi kwenye kiti cha nyuma cha chumba cha watoto njiti, wananifunga naye kifuani. Hapo ndipo nilipoupenda mwili wangu, Dada, sikufichi. Muuguzi alisema mtoto anayefungwa kwangu hapati baridi hata kidogo. Mume wangu alikuja kila jioni baada ya kufunga karakana, anaweka sikio lake mgongoni kwa mtoto, anasikiliza, anatikisa kichwa kuonyesha ni sawa, ndipo anasalimia watu.

Sasa ana kilo mbili na gramu mia mbili. Ananyonya mpaka anatoka jasho puani. Mimi nameza dawa za presha, daktari anataka nitembee kila siku na nipunguze uzito kabla ya mimba nyingine, na naanza kufanya hivyo, mpaka mwisho wa barabara na kurudi. Ananisema kwa upole, na mimi namsikiliza.

Alhamisi Mama alikuwa hapa anakunja nepi. Nilikaa karibu naye, nikamweleza yote aliyosema daktari, kuhusu mishipa, kuhusu kondo, kuhusu kwamba mtoto hawezi kulaliwa. Kisha nikamweleza ya jikoni. Aliendelea kukunja. Nepi moja aliikunja, akaikunjua, akaikunja tena mara tatu.

“Kwa hiyo huenda mtoto alikuwa na njaa,” akasema.

“Huenda, Mama. Hatujui.”

“Na mimi nikamwambia mwanangu amekula mno.”

Tulikaa hivyo mpaka chai ikapoa. Baadaye akauliza kama huwa nakuandikia, nikasema nitakuandikia Jumamosi. Akasema nimwachie nafasi chini, asubuhi aje ajaze mwenyewe. Amekuja, amekaa mezani karibu saa nzima, na sikuchungulia.

Msalimie sana shemeji, mwambie namkumbuka na vichekesho vyake. Mama mdogo anakusalimu, anasema umekonda kwenye picha na hilo halimfurahishi. Wenzangu wa pasi, wale wanaokukumbuka, wanakusalimu. Kijiko hasemi kitu, amenyoosha tu mkono mmoja.

Mungu akulinde uendako na urudiko, akupe usingizi usiokatizwa, na mtoto wako wa kiume amweke mahali pa raha.

Ni mimi mdogo wako, nikupendaye tangu sijui kutamka jina lako,

Kibonge.


Mwanangu, nilisema nisichokijua. Wewe hukumfanya kitu mtoto wako. Nikija huko utanifungulia mlango? Mama yako.